Mangi Kijiweni

Nimezaliwa Rombo, kihambani, mibuni ikiwa imejipanga chini ya migomba kuanzia mlangoni mpaka mferejini, na mpaka namaliza kidato cha nne sikuwa nimeonja kahawa. Nyumbani tulikunywa chai ya maziwa. Babu alikunywa mbege. Kahawa ilikuwa ada ya shule, bati za paa na nguo za Krismasi. Tuliichuma ikiwa nyekundu, tukaimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, tukailoweka, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja vya waya na kuikimbilia kila wingu lilipotanda. Babu aliipeleka chama cha msingi, chama kikaipeleka Moshi, huko ikakobolewa, ikauzwa mnadani na kupanda meli. Aliyeinywa hatukumjua.

Kunywa nimefundishwa Kariakoo, tena na watu ambao wengi wao wakipita karibu na mbuni leo watadhani ni ua la uani kwa mtu.

Nilishuka Dar kutafuta maisha, nikapata kazi ya kuuza vipuri vya pikipiki kwenye duka la ndugu, upande wa Gerezani. Hatua chache kutoka dukani palikuwa na kijiwe: mabenchi mawili ya mbao yaliyoegemezwa ukutani, birika refu la bati juu ya jiko dogo la mkaa, ndoo ya maji, vikombe vidogo vya kaure visivyo na mkono, na sinia la kashata lililofunikwa nailoni. Mwenyewe ni mtu wa Kondoa ambaye kila mtu anamwita Mjomba, hata wazee wanaomzidi umri. Kwa kuwa mimi ni Mchaga na niko dukani, jina langu lilikwisha kuwapo kabla sijafika. Mangi. Hakuna aliyeniuliza jingine kwa muda mrefu, na sidhani kama nusu yao wanalijua mpaka leo.

Mtu asiyekizoea kijiwe hudhani anakwenda kununua kahawa. Anafika, anatoa hela, anasimama. Mjomba atampa, hana neno, lakini mtu huyo atamaliza kikombe chake amesimama na ataondoka bila kupata kile ambacho wenzake wamekijia. Kinachotangulia ni salamu. Unawapa wote salamu ya pamoja, kisha shikamoo kwa mzee aliye karibu nawe, unasubiri marahaba, na hapo ndipo mtu mmoja atasogea kidogo kwenye benchi. Kule kusogea ndiyo tiketi. Ukishakaa, usianzishe mada. Mada ipo, ilianza asubuhi na pengine ilianza wiki iliyopita. Wewe kunywa, sikiliza, utajua inahusu nini na nani anabishana na nani. Niliona kijana mmoja wa chuo akiingia na takwimu zake za simu ili amalize ubishi kuhusu bei ya mafuta. Akaumaliza kweli. Wazee wakamtazama, mmoja akasema, “Sasa tutazungumza nini mpaka magharibi?”

Jambo lililonishangaza kuliko yote, kwa mtu niliyekuwa nikishinda na daftari la madeni dukani, ni hesabu. Mjomba haandiki. Hapo kuna watu kumi na zaidi, kila mtu anajaziwa kikombe anapokinyoosha, anachukua kashata mwenyewe kwenye sinia, mwingine anamnunulia jirani, mwingine anaitwa na mteja wake anakwenda na kurudi. Unapoondoka unatangaza: “Vinne, kashata mbili.” Unatoa hela, anapokea bila kukutazama usoni. Kikombe sasa ni shilingi 200 hapo kwetu. Nilipoanza kilikuwa 100. Nilimuuliza siku moja kama watu hawamwibii. Akanijibu huku akisuuza vikombe: “Anayenidhulumu namjua kesho yake. Hakai pale alipokaa jana.”

Nilianza kuwaangalia watu wanapokaa.

Kijiwe kina ratiba ingawa hakuna aliyeibandika. Baada ya swala ya alfajiri ni wazee wa msikitini, mazungumzo ya chini, kahawa nzito. Jua likichomoza wanakuja wapagazi, madereva na wenye maduka wanaosubiri saa ya kufungua. Hawa hunywa haraka, macho yao yako kwenye meza ya magazeti ya jirani. Magazeti yametandazwa, vichwa vya habari vinasomwa kwa sauti, wanaonunua ni wachache, na mwenye meza amekwisha kukubali kwamba kazi yake mojawapo ni kuwapa wanywa kahawa mada. Mchana panapoa. Alasiri inatoka drafti na vizibo vya soda, na hapo ukimya wa wachezaji unashindana na makelele ya watazamaji. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inapinduka: mchana benchi tupu, birika limelala chali, halafu baada ya tarawehe watu wanajaa mpaka wengine wanakalia matofali. Mkristo mimi nimejikuta mwezi huo nalala saa saba usiku kwa sababu ya kahawa.

Siku za watani wa jadi nazo ni za peke yake. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, yote yako jirani, kwa hiyo hatuzungumzii timu za kwenye televisheni, tunazungumzia majirani. Benchi moja linakuwa jekundu na jingine kijani bila mtu kupanga. Yanga watakukumbusha kwamba wao ni wa 1935, Simba ni 1936, kana kwamba ule mwaka mmoja ni pointi tatu. Timu ya Mjomba haijulikani. Wamejaribu kila njia, mpaka kumtazama uso bao linapofungwa. Aliniambia pembeni kwamba siku akiitaja, nusu ya wateja watahamia kwa jirani yake wa mtaa wa pili, na yule jirani kahawa yake ni ya jana iliyopashwa.

Sasa kahawa yenyewe. Niliponywa kikombe cha kwanza sikuamini kwamba hiki ndicho kilichonisomesha. Ni chungu, cheusi, kina tangawizi inayouma koo, na hakiwekwi sukari. Utamu wote uko kwenye kashata: unang'ata kidogo, unapiga funda, unang'ata tena. Baadaye nilielewa kwamba ile haikuwa kahawa yetu kabisa. Kwetu Kilimanjaro tunalima Arabika, ambayo wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mjomba ananunua Robusta ya Kagera, ambayo kwa kawaida hukaushwa na maganda yake juani bila kuoshwa. Robusta ina uchungu zaidi na kafeini yake inakaribia mara mbili ya Arabika, ndiyo maana kikombe ni kidogo na ndiyo maana mgeni akinywa vitano usiku atahesabu mabati mpaka asubuhi. Wahaya wenyewe wana desturi ya kuichemsha na majani ya dawa na kuitafuna kavu, punje kwa punje, tangu kabla Mzungu hajaleta habari za mauzo ya nje. Mgeni akifika nyumbani anapewa za kutafuna.

Mjomba huikaanga mwenyewe kwake Buguruni, kwenye kikaango kikubwa, mpaka inakuwa nyeusi na inatoa mafuta. Mkewe anaitwanga kwa kinu. Mashine zipo, anasema, lakini ya mashine inakuwa unga mno na inachafua kikombe. Inachemshwa muda mrefu, kisha inakaa juu ya mkaa kutwa, ikiendelea kukolea. Kikombe cha saa kumi jioni si ndugu wa kikombe cha saa mbili asubuhi. Wapo wanaopenda cha jioni tu, wanakiita “cha wakubwa”.

Kuhusu usafi sitaki kumpamba. Vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja, na ndoo hiyo ikifika mchana ina rangi yake. Msimu wa kipindupindu Mjomba huleta ndoo ya pili ya maji ya moto, wateja wanamtania kwamba amefungua hoteli, na msimu ukiisha ndoo ya pili inarudi nyumbani. Nimemnunulia ya kwake mwenyewe ya kubaki palepale. Inatumika. Wakati mwingine inawekewa mkaa.

Kijiwe chenyewe kimewahi kuhama. Mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara mijini nchi nzima, na muuza kahawa naye anahesabiwa humohumo. Mjomba alibeba mabenchi yake akaingia uchochoroni, ukutani kwa mwenye duka la vitambaa. Hakuweka kibao wala hakuagiza mtu kutangaza. Wiki hiyohiyo wazee walikuwa wamekwisha kumfuata, kila mmoja kwenye nafasi yake ya zamani, kulia akakaa wa kulia na kushoto wa kushoto. Kodi ya ukuta ule ni kahawa ya bure kwa mwenye duka na jicho moja kwenye kufuli usiku. Mwenye duka anajua amepata faida.

Jambo hilo lilinifanya niwaonee wivu watu wa Unguja. Nilikwenda kwa shughuli ya harusi nikakaa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe vichochoro vinapokutana, penye papa aliyechorwa ukutani na ile simu ya utani iliyoandikwa kwamba unapiga nje ya nchi bure. Siasa inazungumzwa hapo kwa sauti ambayo Kariakoo tungegeuka kutazama nyuma. Lakini nilichokitazama mimi ni baraza. Ni jiwe, limejengwa na nyumba, limekaa hapo kabla ya waliolikalia na litawazika. Hakuna lori linaloweza kulibeba. Kwetu benchi ni mbao nne na misumari, na kila mwenye kijiwe analala akijua hivyo.

Kuna mtu ambaye benchi letu halikuwahi kumpa nafasi, na nimechelewa kuliona kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kukaa. Mdogo wangu wa kike anauza viatu Mtaa wa Kongo. Anapenda kahawa kuliko mimi. Kwa miaka alikuwa akimtuma kijana na chupa ya chai, au anakuja, anachukua kikombe, anakunywa amesimama huku akinizungumzia mambo ya nyumbani, anakwenda zake. Nilipowauliza wazee walishangaa: nani kamkataza? Ni kweli, hakuna aliyemkataza. Hakuna pia aliyewahi kusogea. Siku moja nilisogea mimi, akakaa, na mazungumzo yakawa ya heshima kupita kiasi, watu wakaanza kuulizana habari za wagonjwa. Akamaliza kikombe, akasema, “Kaka, nawaharibia,” akaondoka. Nilijaribu kumbembeleza, akanicheka.

Yeye ndiye aliyenipeleka Sinza.

Ni mgahawa mdogo uliokuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Meza tano, mimea kwenye makopo ya rangi, mashine ya espreso iliyonunuliwa mkononi mwa mtu. Mwenyewe ni dada aliyeacha kazi ya ofisini. Nilipoona bei nilitaka kugeuka: kapuchino shilingi 4,500, yaani vikombe 22 vya Mjomba na chenji ya kashata. Mdogo wangu akanikalisha. Yule dada alipojua nimetoka Rombo hakuniletea kapuchino. Aliniletea kahawa nyeusi kwenye glasi, imechujwa kwa karatasi, rangi yake ya chai ya rangi, akasema, “Kunywa kwanza, sukari baadaye.” Ilikuwa na ukakasi mtamu, kitu kinachokaribia ganda la tunda lenyewe tulilokuwa tukilimung'unya utotoni wakati wa kuchuma, tukitema buni kwenye ndoo ili tusigombezwe. Sikuweka sukari.

Hiyo ndiyo kahawa yetu isiyounguzwa. Babu amekufa hajaijua. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yalivunjika, mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ikaanguka tena vibaya sana, majirani wakang'oa mibuni wakapanda ndizi na nyanya. Babu aliacha ya kwake isimame, lakini hakuipulizia dawa tena, na ugonjwa wa chulebuni ukala nusu ya matunda. Miaka yote hiyo alikuwa anahangaika na kitu ambacho mwisho wa safari yake ni glasi ile, na hakuna aliyemwekea mezani.

Nimekuwa nikienda Sinza mara kwa mara tangu hapo, na nimejifunza kutomlaumu dada yule kwa bei. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo. Maziwa yanapanda. Umeme ukikatika mashine inakuwa pambo, na yeye anaingia jikoni kuchuja kahawa kwa kitambaa kwa bei ya chini, huku akijifanya ni mapishi maalumu ya siku hiyo. Mzigo wake mkubwa zaidi ni wateja wenyewe. Wapo wanaoagiza kikombe kimoja saa tatu asubuhi, wanafungua kompyuta, wanachomeka chaja, na saa tisa bado wapo, kikombe kimekauka povu. Ameziba soketi mbili kwa gundi. Nilimwambia habari za Mjomba, kwamba kijiweni mtu hukaa kutwa pia na hakuna anayemsumbua. Akanijibu kwamba kijiweni aliyekaa kutwa anakunywa kutwa, tena anamnunulia na jirani, na kwamba kule aliyekaa ndiye anayemvuta mwingine aje kukaa, ilhali kwake aliyekaa ameweka vipokea sauti masikioni na begi kwenye kiti cha pili. Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo nikikaa zaidi ya saa moja naagiza tena, na begi naliweka chini.

Lakini pale Sinza mdogo wangu anakaa. Anakaa na wenzake watatu wa sokoni, wamevua viatu chini ya meza, wanacheka kwa sauti, wanapanga mchezo wa upatu wao. Wanabishana mambo ya siasa kuliko sisi. Nikifika wananisalimia vizuri na kuanza kuulizana habari za wagonjwa.

Mwaka jana, msimu wa kuchuma, niliomba nyumbani waniletee gunia dogo la kahawa ya mibuni ya babu, ambayo shangazi ameirudishia uhai. Sehemu nilimpa dada wa Sinza. Nyingine nikampelekea Mjomba, nikamwomba aikaange kidogo tu, isiwe nyeusi, aiuze siku moja kwa wazee wangu wapate kujua. Alinitazama kwa huruma lakini akafanya. Mzee wa kwanza alipiga funda, akakitazama kikombe ndani, akamuuliza Mjomba kama amepungukiwa mkaa. Wa pili akasema ni nzuri kwa mtoto mwenye mafua. Wa tatu alikunywa kimya mpaka mwisho, nikapata matumaini, kisha akasema, “Mangi, hii chai yenu tamu. Sasa tupe kahawa.” Kufikia saa nne Mjomba alikuwa amemwaga birika zima kwenye mtaro na kuchemsha ile ya siku zote.

Kilo zilizobaki hakunirudishia. Niligundua miezi baadaye kwamba anazichanganya, kiganja kimoja kwenye vitatu vya Robusta, na anaikaanga pamoja mpaka iwe nyeusi kama walivyozoea. Anasema inapunguza ukali wa mwisho na watu wanaongeza kikombe bila kujua kwa nini. Ameniuliza kama shangazi anaweza kutuma nyingine, ya kulipia. Aliyegundua ni mzee mmoja tu, wa Tanga, aliyekuwa mpishi wa meli. Alisema kahawa ya Mjomba siku hizi ina adabu. Siri ikatoka, na ubishi ukahama kutoka kwenye mpira. Mpaka juzi walikuwa wanabishana kama kikombe chenye kahawa ya Rombo ndani yake kibaki 200 au kishuke kiwe 150, na aliyekuwa akiipigania 150 kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa anakinyoosha cha nne.